Maneno Matatu ya Tanzia: Mfanyabiashara, Askari, Mtu wa Nyumba Yake



Katika darasa letu tumezoea kulitwaa neno moja ambalo watu hulisema kila siku bila ya kulipima, tukalifungua mpaka tukaona ndani yake mna nini. Mara hii neno letu limetoka katika tanzia. Afapo mzee wa bara, jamaa zake huandika gazetini, au husema mbele ya kaburi, kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara, alikuwa askari wa vita vikuu, na alikuwa mtu aliyeipenda nyumba yake. Maneno haya matatu hufuatana kama shanga za uzi mmoja, na msikilizaji hudhani kuwa yalikaa pamoja kwa amani katika maisha ya mtu huyo. Sisi twasema hayakukaa kwa amani. Uaskari ulimtoa mtu nyumbani mwake, biashara ikawa njia yake ya kurudi, kisha ukaja wakati ambapo uaskari na biashara vyote viwili vilikuwa ni hatari kwa nyumba ile ile. Atakaye kujua uzito wa mtu huyo hana budi ajue matatu haya yaligombana vipi.

Mahali pa somo letu ni Kibugu. Kibugu ni soko na mashamba yaliyo juu ya mji wa Embu, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ambako udongo ni mwekundu, mito hushuka kutoka mlimani, na msitu mkubwa huanza pale mashamba yanapokoma. Hatutamtaja mtu wa Kibugu kwa jina lake, kwani walikuwa raia wa kawaida, na heshima ya wajukuu wao ni amana. Tutasema habari za watu wa namna yao wa pande zile za mlima, na pale utakapohitajika ushahidi wa mtu mmoja, tutamtwaa mtu mashuhuri ambaye ameandika maisha yake mwenyewe, watu wakayasoma.

Huenda msomaji wa Mvita au wa Lamu akauliza, Kibugu yatuhusu nini sisi? Jawabu ni kwamba njia ya kwenda vitani ilipita mlangoni petu.

Serikali ya Kiingereza iliitiisha nchi ya Embu kwa bunduki mwaka 1906. Basi kijana aliyeandikwa jeshini mwaka 1940 alizaliwa na wazee walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Na katika vita vya kwanza, vya 1914 mpaka 1918, watu wa bara walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, na jina la kazi ile ya upagazi ndilo lililobaki mpaka leo katika mitaa ya Kariakoo. Watu wengi mno walikufa katika upagazi ule kwa maradhi na njaa. Kwa sababu hiyo ilipotangazwa vita ya pili mwaka 1939, neno «vita» halikuwa geni mlimani, wala halikuwa neno la furaha.

Katika vita hivi vya pili Kenya peke yake ilitoa watu wapatao 98,000. Wengine walitiwa katika Keya, wengine katika mizinga, wengine katika kazi za barabara na mizigo. Ama Wakikuyu, Waembu na Wameru, maofisa wa Kizungu walikuwa na dhana yao kwamba makabila mengine ndiyo ya kupigana, na kwamba hawa, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamesoma kidogo, wafaa zaidi kuwa madereva, makarani, mafundi na watu wa kupeleka habari kwa simu. Dhana hiyo haikuwa ya haki kwa yeyote. Lakini tazama jinsi mambo yanavyogeuka: mtu aliyefundishwa bunduki tu alirudi na ujuzi usioweza kumlisha, na mtu aliyefundishwa kuendesha lori, kulifungua na kulifunga, au kuandika hesabu ya ghala, alirudi na kazi mkononi. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu duka nyingi za bara zilizaliwa na spana na kalamu ya ghala kuliko zilizozaliwa na bunduki.

Walishuka kwa garimoshi mpaka Mombasa, wakapandishwa melini Kilindini. Wako waliokwenda kupigana na Wataliani katika nchi ya Habeshi mwaka 1940 na 1941, wako waliopelekwa Bukini mwaka 1942, na wako waliovuka bahari mpaka Ceylon, ambayo leo yaitwa Sri Lanka, na kutoka huko wakaingia Burma kupigana na Wajapani.

Hapa twapenda kusimama kidogo, kwa sababu iko habari ambayo watu wa Mombasa walipasa kuijua kama wajuavyo jina la bandari yao, na wengi hawaijui. Mwezi wa Februari mwaka 1944 ziliondoka Kilindini meli tano za kuchukua askari, zikilindwa na manowari, kwenda Ceylon. Moja ya meli hizo ilikuwa ikiitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa katika hao lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301. Walikuwamo pia wanawake wauguzi na wengineo wa utumishi wa jeshi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili au chini ya hapo. Nyambizi ikajificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea waliookoka, na manowari za Kiingereza zikaishambulia hali ya kuwa watu wao wenyewe wamo majini. Walikufa watu 1,297. Hii ni katika misiba mikubwa kabisa ya meli za Waingereza na washirika wao katika vita vile, na wengi wa waliokufa walikuwa ni watu weusi wa nchi hizi, waliolala usiku wao wa mwisho wa nchi kavu hapa petu. Sisi hatukuwaaga, kwa kuwa safari za askari zilikuwa ni siri, na kwa kuwa, tuseme kweli, tulikuwa tukiwaona kuwa ni watu wa bara wanaopita.

Waliofika Burma waliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa ni kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa mvua, katika matope na malaria, mpaka wakaufikia mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi wa Disemba. Lugha yao ya kusemezana, Mluo na Mmeru, Mnyasa na Mnandi, ilikuwa ni Kiswahili. Ni kweli kwamba Kiswahili hicho cha Keya sisi tulikicheka, na mpaka leo wako miongoni mwetu wanaokiigiza barazani. Lakini jeshi lilikuwa na magazeti ya Kiswahili kwa askari wake, na mojawapo likiitwa «Heshima». Na mtu aliyekuwa hakujua illa lugha ya kwao alirudi akiweza kusoma gazeti, kuandika barua na kupatana bei na mtu wa kabila jingine. Hiyo ilikuwa ni rasilimali, ijapokuwa haikuandikwa katika hati ya kuachiwa kwake.

Sasa tuirudie nyumba aliyoiacha.

Askari aliyekuwa na mke aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani, na mke akaenda kuipokea bomani kwa Mkuu wa Wilaya. Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo mhimili wa habari yetu. Kwa mwanamke wa mlimani kutembea mpaka bomani, kusimama katika safu, kuitwa jina, kutia dole gumba na kuhesabu fedha zake mwenyewe, lilikuwa ni jambo jipya. Na fedha hizo ilimpasa azigawe: kodi, chumvi, nguo ya mtoto, ada ya skuli ikiwa mtoto yuko skuli, na kitakachobaki ni akiba. Huku nyuma shamba lote lilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyelima, yeye ndiye aliyevuna, yeye ndiye aliyewazuia ndugu wa mume wasiusogeze mpaka. Askari akirudi akakuta mbuzi wameongezeka na shamba halikumegwa, basi alikuwa ametajirishwa na mtu ambaye hakupewa nishani. Akirudi akakuta mambo yameharibika, hapakuwa na kiinua mgongo cha kuyatengeneza.

Na kiinua mgongo chenyewe kilikuwa kiasi gani? Jambo hili kwa miaka mingi lilisemwa na wazee, wakaambiwa wanatia chumvi. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliifichua hati ya serikali ya Kiingereza iliyoonyesha malipo ya kuachiwa jeshini jinsi yalivyopangwa kwa rangi. Askari wa chini kabisa aliye Mzungu wa makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mwafrika wa cheo kile kile alihesabiwa shilingi 3 na nusu. Tufanye hesabu, kwani hesabu ndiyo somo letu. Mtu aliyetumika miaka minne ametumika miezi 48. Mzungu angepata shilingi 480. Mwafrika angepata shilingi 168. Risasi ya Mjapani haikuulizia rangi, na matope ya Kabaw hayakuulizia; aliyeulizia ni karani wa malipo. Zaidi ya hayo, maaskari wa Kizungu walifunguliwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya baada ya vita vya kwanza, na tena baada ya vita vya pili. Mwafrika hakufunguliwa hata ekari.

Basi mtu wetu alishuka Embu mwaka 1945 au 1946 na shilingi zake hizo, pamoja na akiba kidogo aliyoiweka Posta. Kurudi kulima chini ya amri za kuchimba matuta hakukutaka. Kuajiriwa na Mzungu baada ya kuuona ulimwengu kulimchoma. Ikabaki biashara, na hapo ndipo palipoanza vita yake ya pili, ambayo haina sanamu mjini.

Tumtwae shahidi. Waruhiu Itote, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jenerali China, alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Kabla ya vita alikwenda Nairobi, akajaribu kuuza mboga pamoja na rafiki zake. Mwaka 1942 akaingia Keya, akapelekwa Burma. Huko, asema, mazungumzo na askari wa Kiingereza, na Mmarekani mweusi, na watu wa Bara Hindi, yalimfanya ajiulize anampigania nani. Aliporudi akajaribu biashara ya makaa. Haikusimama. Akaishia kuajiriwa na Reli, kazi ya kutia moto katika garimoshi. Mtu huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Yaliyokuja baadaye yalionyesha kuwa alikuwa na akili ya kuongoza maelfu. Lakini katika mizani ya biashara alishindwa mara mbili. Yafaa tuulize kwa nini, maana waliomfuata katika kushindwa huko walikuwa wengi mno.

Sababu ya kwanza ni ya serikali. Palikuwa na leseni, na viwanja vya soko vilivyogawanywa kwa idhini, na bei zilizowekwa. Kisha ilikuwako sheria ya mikopo: kwa sheria ya mwaka 1948 deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani illa liwe limethibitishwa na ofisa. Serikali ilisema kwamba yamhifadhi Mwafrika asizame katika deni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla, aghlabu Mhindi, hakuthubutu kumkopesha Mwafrika bidhaa za kutosha kujaza rafu zake. Sisi wa mwambao twajua kwamba biashara yote ya bahari hii tangu zama za majahazi imesimama juu ya kukopeshana mali mpaka msimu urudi. Mtu aliyenyimwa kukopeshwa amenyimwa nusu ya biashara, na hifadhi ya namna hiyo ni sawa na kumfunga mtu miguu ili asije akajikwaa.

Sababu ya pili ni ya wenyewe, wala si vizuri kuificha. Waliporudi, wengi walifungua duka za namna moja, mahali pamoja, kwa bidhaa zile zile: sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya taa, sabuni, sigareti na marikani. Soko moja dogo likawa na duka kumi, na wanunuzi wa kulisha duka mbili. Wengine walichanga fedha wakafanya kampuni, wakanunua lori kuukuu la jeshi, bila ya mtu mmoja kupewa amri ya kutunza hesabu. Lori likivunjika, hapakuwa na fungu la kulitengeneza, kwa kuwa faida ilikwisha kugawanywa siku ile ile ilipopatikana. Na jamaa walikopa. Mjomba akichukua sukari hawezi kudaiwa. Shemeji akichukua mafuta ataona haya kurudi, na haya zitamfanya anunue kwa mwingine. Hivyo mwenye duka alipoteza mali na mnunuzi kwa pamoja. Msomaji wetu mwenye duka Kibokoni hahitaji kuelezwa zaidi ya haya.

Na wako walioinywa ile 168 kabla ya kufika nyumbani. Nao ni katika habari, ijapokuwa tanzia haisemi.

Serikali nayo iliona hatari ya kuwa na maelfu ya askari waliorudi bila kazi. Skuli ya Jeanes iliyoko Kabete, karibu na Nairobi, ambayo zamani ilikuwa ya waalimu wa vijijini, iligeuzwa kufundisha askari waliorudi, na miongoni mwa mafundisho yake yalikuwa ya biashara na kuweka hesabu. Hapakuwa na nafasi illa kwa wachache. Lakini aliyepita pale, au aliyejifunza kwa aliyepita pale, alijua jambo moja ambalo twaliona kuwa ni kubwa kuliko mtaji: kwamba fedha ya duka si fedha ya mwenye duka. Alikuwa na daftari mbili. Sukari iliyoingia jikoni kwake iliandikwa kama ilivyoandikwa sukari ya jirani.

Katika watu wa pande za Embu na Meru waliosimama, twaona kwamba aghlabu duka halikusimama peke yake. Nyuma ya duka palikuwa na kitu kingine: kinu cha kusagia mahindi, au lori la kuchukua mazao, au, kubwa kuliko yote, kahawa. Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya alikatazwa kupanda kahawa, kwa kuwa walowezi walihofu kuibiwa miche, kuenea maradhi, na zaidi ya yote kukosa vibarua. Wameru, Waembu na Wakisii ndio waliotangulia kuruhusiwa, katika miaka ya 1930, kwa idadi ya miti iliyopimwa. Kisha mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukaufungua mlango kwa watu wengi zaidi. Mwenye duka aliyekuwa na kahawa aliweza kustahimili mwezi mbaya wa duka kwa fedha ya kahawa, na mwaka mbaya wa kahawa kwa senti za duka. Na kahawa hiyo nani aliipalilia, hali ya kuwa bwana yuko nyuma ya meza ya duka? Turudi pale pale tulipokuwa: mke wake na watoto wake.

Ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952.

Tafadhali msomaji ajiweke mahali pa mtu huyu. Duka lake liko kando ya msitu wa Mlima Kenya. Ndani ya msitu wamo wapiganaji, na mkubwa wao katika upande wa mlima ni yule yule Itote aliyeuza mboga na makaa. Usiku hugongwa mlango: yatakiwa sukari, yatakiwa dawa, yatakiwa nguo. Akikataa ni adui wa watu wake. Asubuhi huja askari wa serikali: nani alinunua magunia haya, na daftari lako lasema nini? Akisema kweli atawatia watu mashakani. Akinyamaza atachukuliwa yeye. Lile daftari lililokuwa fahari yake limegeuka kuwa shahidi juu yake. Na uaskari wake nao ni mzigo, kwa sababu kila upande unajua kwamba mtu huyu ameona vita, ajua silaha, na atafaa. Masoko yalifungwa kuwa adhabu ya eneo zima, liwe na hatia au lisiwe nayo. Watu wa vijijini walisukumwa kuchimba handaki refu mpakani mwa msitu ili wa ndani wasitoke na chakula kisiingie, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na wanawake. Kisha familia zikahamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao, zikajengewa vijiji vya pamoja vilivyolindwa.

Nyumba nyingi ziligawanyika: ndugu mmoja msituni, mmoja homgadi, mmoja kizuizini. Sisi tuliokuwa mbali na moshi huo hatuna haki ya kukaa barazani tukawagawia watu wa mlima sifa za ushujaa na uhaini. Itote mwenyewe alikamatwa tarehe 15 Januari 1954 akiwa amejeruhiwa, akahukumiwa kufa, akasamehewa kifo, akafungwa Lokitaung katika jangwa la kaskazini, akaachiwa mwaka 1962. Baada ya uhuru alitumika miaka mingi katika Huduma ya Vijana wa Taifa, akafariki mwaka 1993. Hali ya Hatari ilimalizika Januari 1960. Mwenye duka aliyeokoka alifungua mlango wa duka lake juu ya rafu tupu, na vijana aliokuwa amewakopesha wengine hawakurudi tena kulipa.

Wako waliouliza katika darasa, je, mtu wa namna hii mwisho wake alifanikiwa? Hapa tutamtaja shahidi wa pili, Bildad Kaggia. Naye alikuwa askari wa vita vya pili, karani wa jeshi, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Naye alifungwa pamoja na Mzee Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara kule Kandara, Rais Kenyatta alimshutumu mbele ya watu, akawataja wenzao waliofungwa pamoja na mali walizojipatia tangu kutoka gerezani, kisha akamuuliza yeye amejifanyia nini. Kaggia alikuwa akidai ardhi kwa wasio nayo, na hakuwa amejilimbikizia. Baadaye aliishi maisha ya kawaida, akiendesha kinu cha kusaga nafaka, mpaka akafa mwaka 2005. Swali aliloulizwa lingali linaulizwa kila penye mazishi, kwa maneno ya upole zaidi. Watu huhesabu nyumba ya mawe, huhesabu magari, na hapo ndipo neno «mfanyabiashara» katika tanzia linapopata uzito. Kwa maoni yetu mwenye kinu kimoja aliyewasomesha watoto wake, asiyemdhulumu mtu ratili, na ambaye mkewe alijua kila senti iliyoingia na kutoka, ana haki ya neno hilo sawa na mwenye mabasi.

Na ile sifa ya tatu, ya kuipenda nyumba yake, twaiona imeandikwa kwa upungufu. Katika tanzia nyingi tulizozisoma mume hutajwa kuwa ameijenga nyumba, na mke hutajwa kuwa ni miongoni mwa waliofiwa. Lakini hesabu tuliyoifanya haisemi hivyo. Miaka ya vita nyumba ilijengwa na mke. Miaka ya duka kahawa ilipaliliwa na mke. Miaka ya handaki, mume akiwa kizuizini au akiwa amejificha, watoto walilishwa na mke. Kama mume aliipenda nyumba yake, na wengi waliipenda kwa kweli, dalili yake ilikuwa ni kwamba alirudi na kumkuta mshirika, akamkubali kuwa ni mshirika, akamfungulia daftari. Wako ambao hawakumkubali, wakaoa mwingine kwa kiinua mgongo walichopewa kwa jasho la vita na kulindiwa nyumba kwa jasho la yule wa kwanza. Tanzia za wote wawili hufanana.

Limebaki jambo la makaratasi. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 11.8 kwa ajili ya askari wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola walio katika dhiki, na wajane wao, wapate walau chakula. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, na serikali ikaomba radhi, kwamba baada ya vita vya kwanza watu si chini ya 116,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuandikwa majina yao popote. Waliofaidika na kukiri huku kwa wakati walikuwa wachache, kwani umri haungoji. Na katika waliokuwa hai, wengine hawakuweza kuthibitisha utumishi wao, kwa kuwa hati ya kuachiwa jeshini iliungua pamoja na nyumba mwaka 1954, au iliozea katika kasha, au mtoto aliichezea asijue ni nini.

Wala mambo haya si ya Kibugu peke yake. Katika miji yetu walikuwamo askari wa Keya, mabaharia, madereva na makuli wa Kilindini wa miaka ile, nao makasha yao yangali chini ya vitanda vya nyumba zetu. Kwa darasa lijalo twaomba kila mwenye mzee wa namna hiyo, aliye hai au aliyefariki, aje na karatasi yoyote atakayoiona: kitabu cha mshahara, hati ya kuachiwa, barua, kitabu cha Posta, picha yenye maandishi nyuma, au daftari la duka. Tutanakili namba ya askari, jina kama lilivyoandikwa hata likiwa limekosewa, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na jina la mke aliyekuwa akipokea fedha bomani. Karatasi yenyewe itarudi kwa mwenyewe siku ile ile. Mwenye kuja na daftari la madeni asiogope. Majina ya wadaiwa hatutayasoma.